Thimu yako ina setingi tisini na mteja bado anakupigia simu

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi natengenezea watu tovuti za WordPress, wateja wangu ni shule, saccos na vikundi vya kina mama. Nimeandika thimu yangu mwenyewe, yani ile sura na mpangilio wa tovuti, na nimeijazia setingi kama tisini hivi ili kila mtu aibadili anavyotaka, lakini wateja hata rangi hawabadili, wananipigia mimi, na wale wachache wanaojaribu wanaharibu. Sasa nataka kuigawa bure vijana wanaoanza wajifunzie. Nifanyeje iwe rahisi kwa mtu mgeni kabisa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali zuri hili, manake wengi wakiona mteja anashindwa wanasema mteja hajasoma, wewe angalau umeanza kuishuku thimu yenyewe. Ntajibu kwa kirefu, tafuta pa kukaa.

Hizo setingi tisini ndo ugonjwa wenyewe, sio dawa. Kila setingi ni swali unamuuliza mtu, na mengi ya hayo maswali mhazini wa saccos hana jibu lake wala hakuja kwa ajili hiyo, yeye alikuja kubadili namba ya simu ya ofisi. Sasa anafungua anakuta umemuuliza upana wa kontena uwe pikseli ngapi, kivuli cha kitufe kiwe kiasi gani, herufi za vichwa vya habari ziachane vipi, anapita huko anatafuta namba ya simu haioni, anafunga, anakupigia wewe. WordPress wenyewe wana kanuni yao ya siku nyingi kwamba mtengenezaji aamue mambo mwenyewe badala ya kumrundikia mtumiaji machaguo, na ingawa kuna mahali wameivunja wao wenyewe kanuni ni ya kweli. Upana wa kontena wewe ndo fundi, amua. Kama umeshindwa kuamua wewe unayejua CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, unataka aamue nani?

Ukiniuliza zibaki ngapi ntakuambia zibaki zile ambazo mteja tayari ana jibu lake kichwani kabla hajafungua kompyuta. Jina la taasisi. Logo. Rangi zao, manake shule ina rangi za sare na saccos ina rangi za bango lake la nje. Picha kubwa ya juu. Menyu. Simu, anwani, saa za kazi. Zaidi ya hapo ukitaka kuongeza moja jiulize kwanza kama kuna mteja aliyewahi kuiomba kwa mdomo wake. Na kwa thimu ya kawaida kama yako, isiyo ya bloku, ziweke pale Customizer, ile sehemu ya dashibodi ya kubadilishia muonekano, usimjengee mtu ukurasa wako wa setingi wenye tabo kumi na logo yako juu. Customizer ilikuja na toleo la 3.4 mwaka 2012 na uzuri wake sio sura, ni kwamba mtu anabadili huku anaona, na akiondoka bila kubonyeza kitufe cha kuchapisha hamna kilichoharibika. Ndo maana ilipofika 2015 wale wanaokagua thimu za saraka rasmi ya WordPress wakaamua setingi zote za thimu zipite humo, watu walilalamika sana kipindi hicho lakini kwa mgeni uamuzi ulikuwa sahihi.

Hapo kwenye kubadili huku unaona nataka nikae kidogo.

Vijana wengi hamkukuta enzi za Movable Type. Ilikuwa programu nzuri sana, ilitoka 2001, ya Ben na Mena Trott, imeandikwa kwa Perl, na watu wengi wa blogu walikuwa humo. Ila kurasa zake zilikuwa zinapikwa zinakuwa faili kamili zinakaa kwenye seva, kwaiyo ukigusa templeti, tuseme umebadili tu maneno ya chini ya ukurasa, inabidi uamuru tovuti nzima ijengwe upya, na ukiwa na makala nyingi unasubiri weee. WordPress ikaja 2003, Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua programu iliyokuwa imeachwa ya b2, ya Michel Valdrighi, wakaiendeleza, na yenyewe inajenga ukurasa pale pale mtu anapouomba. Unabadili mstari mmoja, unarifreshi, unaona. Historia inasema watu waliihama Movable Type kwa sababu ya leseni ya toleo la 3.0 mwaka 2004 walipoanza kubanwa na bei, na ni kweli, lakini mimi naamini waliohama wasingebaki kama wasingekuta hiyo raha ya kugusa na kuona. Mgeni hajifunzi kwa maelezo. Anagusa kitu kimoja, anaona kimebadilika, anapata moyo wa kugusa cha pili. Ukichelewesha hayo matokeo hata dakika mbili tu umempoteza, manake hajui tena kipi kilisababisha nini.

Na sasa hivi adui wa hiyo raha ni kashi, ile nakala ya zamani ambayo brauza imejihifadhia. Mtoto wa watu anabadili rangi kwenye style.css, anarifreshi, rangi ile ile. Anabadili tena, ile ile. Anaamini amekosea faili, anaenda kubadili faili lingine, kesho yake kashi inaisha muda na mabadiliko yote matatu yanatokea kwa pamoja na tovuti inafanana na bango la disko. Hili unalimaliza wewe mwenye thimu, kwa mstari mmoja: pale unapopakia CSS kwa wp_enqueue_style, sehemu ya namba ya toleo usiandike 1.0 ukaisahau, weka filemtime ya lile faili, yani saa faili lilipoguswa mwisho. Kila likiguswa namba inabadilika na brauza inalazimika kulivuta upya. Ikiwa kuna plagini ya kashi ya kurasa hiyo ni habari nyingine, kwenye tovuti ya mtu anayejifunza izime kwanza.

Tuje kwenye kuharibu, manake umesema wanaojaribu wanaharibu. Wewe unaliona kama tatizo la wale waliojaribu, mimi naona ndo sababu hata wengine hawajaribu. Mtu akishasikia tu kwamba mwenzake aligusa tovuti ikawa nyeupe tupu, haigusi tena. Na ile nyeupe unaijua inavyokuja: mtu kafungua functions.php, faili la msimbo wa PHP la thimu, kasahau nukta-mkato moja mwishoni mwa mstari, kasevu, tovuti imekufa na dashibodi nayo imekufa kwa hiyo hata kurudi kurekebisha hawezi, mpaka apatikane mtu mwenye neno la siri la seva aingie kwa FTP, yani njia ya kufikia faili za seva moja kwa moja. WordPress walikaa na hilo miaka mingi. Toleo la 4.9, Novemba 2017, ndo lilileta kuijaribu PHP kwanza ukihariri ndani ya dashibodi, ikigundua itaua tovuti inakataa na kurudisha ya zamani. Alafu 5.2 mwaka 2019 ikaleta hali ya uokoaji, tovuti ikianguka unatumiwa barua pepe yenye linki ya kuingilia dashibodi huku kile kilicholeta shida kimesimamishwa. Ni msaada mkubwa ila usiutegemee peke yake, seva nyingi za bei rahisi barua pepe zake haziendi popote, na ile barua inaenda kwa anwani ya msimamizi ambayo nina uhakika kwa nusu ya wateja wako ni ya kwako wewe.

Dawa ya kudumu ni kutenganisha mali yako na mali yake. Sa hivi mteja akibadili kitu anabadili ndani ya thimu yako, wewe ukitoa apdeti faili zako zinafuta za kwake, miezi mitatu ya kazi yake imeenda. Baada ya hapo atafanya moja kati ya mawili, ataacha kugusa au ataacha kuapdeti, na yote mabaya. Thimu mtoto ipo kwa ajili hiyo. Unatengeneza folda lingine, ndani yake style.css yenye maelezo ya juu kama haya:

/*
Theme Name: Shule Yetu
Template: jina-la-folda-la-thimu-mama
*/

Huo mstari wa Template ndo unaoifanya iwe mtoto, na lazima uandikwe sawasawa na jina la folda la mama, sio jina lake la kuonyesha, hapo wengi wanakwama. Ila sasa usimwambie mgeni aitengeneze. Itengeneze wewe, ifunge kwenye zip, igawe pamoja na ya mama, na mwambie instoli zote mbili washa hii ya mtoto. Faili la mama huligusi kabisa, la mtoto fanya unavyotaka, ukiharibu futa folda weka lile la zip upya, umerudi mwanzo. Ni kama umempangisha mtu nyumba, rangi ya ukuta apake anayotaka ila nguzo hana ufunguo wake.

Ili hilo lifanye kazi kuna mambo matatu kwenye msimbo wako wa mama. CSS zipakie zote mbili wewe mwenyewe, ya mama kwanza kisha ya mtoto, ili mgeni asilazimike kuandika hata mstari mmoja wa PHP kabla hajabadili rangi. Picha na faili nyingine ziite kwa get_theme_file_uri ambayo inatafuta kwa mtoto kwanza ikikosa inaenda kwa mama, hapo mgeni akitaka kubadili picha ya chini ya ukurasa anaweka tu picha yake yenye jina lile lile kwenye folda lake na imekwisha. Na functions zako zile ambazo mtu anaweza kutaka kuzibadili zizungushie function_exists, manake functions.php ya mtoto inasomwa kabla ya ya mama, akiandika ya kwake yenye jina hilo ya kwako inakaa pembeni kimya bila ugomvi.

Alafu ile style.css ya mtoto usiiache tupu. Juu kabisa weka vigezo vyako, yani majina yanayobeba thamani za rangi na fonti, --rangi-kuu, --rangi-ya-pili, --rangi-ya-maandishi, --fonti-ya-vichwa, kila kimoja na maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni yake kwamba hii inaonekana wapi. Vigezo vitano sita, sio arobaini. Mgeni anafungua faili, anaona kitu anachokielewa ndani ya mistari kumi ya kwanza, anabadili namba ya rangi, anarifreshi. Hilo ndo somo lake la kwanza la CSS na hajajua kama kasoma.

Na majina yape kazi, usiyape sura. Nimeona thimu yenye kigezo kinaitwa bluu ambacho kwa sasa ni kijani, manake mteja alibadilisha rangi, na kila anayefungua lile faili anapotea. Hili ni muhimu zaidi ukihamia theme.json, faili la kupangia rangi na setingi za thimu, ambayo ilianza na 5.8 mwaka 2021, kwa sababu kule jina linaingia mpaka kwenye makala. Ukiandika hivi:

{ "slug": "kuu", "name": "Rangi kuu", "color": "#0b5d3b" }

mtu akiipaka aya yake rangi hiyo makala inahifadhi klasi has-kuu-color, sio namba ya rangi. Maana yake mwakani shule ikibadili rangi zake unabadili sehemu moja na makala zote za miaka zinafuata. Lakini ukija kuibadili hiyo slug, yani jina la ndani la rangi, baadaye aya zote za zamani zinapoteza rangi, kwaiyo ichague vizuri siku ya kwanza. Humo humo kwenye theme.json unaweza kuzima mtu asichague rangi yoyote nje ya zile ulizompa, custom iwe false. Watu wanaona ni ubabe. Mimi kwa tovuti ya shule nazima, kwa tovuti ya kijana anayejifunza naacha wazi apake hata pinki na njano, ya kwake.

Utaniuliza sasa ubaki na thimu ya kizamani au uende moja kwa moja kwenye bloku, yani vile vipande vya kujengea ukurasa kimoja kimoja. Bloku zilipoingia na 5.0, Desemba 2018, kelele zilikuwa kubwa mpaka plagini ya kurudisha kihariri cha zamani imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5, na tangu 5.9 ya Januari 2022 unaweza kuhariri tovuti nzima kwa bloku, kichwa, miguu, kila kitu. Kwa kijana anayetaka kujifunza kudizaini ni kitu kizuri sana na ningekushauri thimu ya kugawa uijenge hivyo. Kwa karani wa shule ni hatari tupu, kwa kubofya mara mbili anafuta menyu ya tovuti nzima akidhani anafuta kwenye ukurasa ule tu. Ila hapa watu wanapiga kelele bure kwa sababu ufumbuzi upo tangu zamani: karani usimpe Administrator, mpe Editor. Editor anaandika, anachapisha, anaweka picha, anarekebisha kurasa zote, na sehemu ya muonekano haioni kabisa. Nakuhakikishia nusu ya uharibifu unaoniambia unatoka kwenye kugawa Administrator kama pipi. Administrator abaki mmoja pale ofisini na wewe. Na kwa tovuti za wateja weka DISALLOW_FILE_EDIT kwenye wp-config.php, kile kihariri cha faili ndani ya dashibodi kinaondoka, hata huyo mmoja asijaribiwe.

Badala ya kumpa karani uhuru wa kupanga bloku mpe vipande vilivyokwisha pangwa. Tangazo la mitihani, orodha ya viongozi na picha zao, ratiba ya vikao, viwango vya riba vya saccos. Anachagua, kinaingia, anabadili maneno na picha tu. Kuna namna ya kufunga kipande ibaki kuhaririwa yaliyomo peke yake bila kusogeza mpangilio, templateLock iwe contentOnly, itumie. Vipande kumi vinavyotokana na kazi halisi za watu hawa vitakusaidia kuliko setingi tisini zote.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi wanakipuuza ni hali ya thimu siku ya kwanza. Mtu ameona skrinshoti nzuri, anainstoli, anakuta ukurasa mtupu mweupe na menyu isiyo na kitu. Tangu 4.7 mwaka 2016 kuna maudhui ya kuanzia, starter-content, unaandika ndani ya thimu kwamba tovuti ikiwa mpya kabisa ionyeshe kurasa hizi, menyu hii, picha hizi, na kwa thimu isiyo ya bloku mtu anaziona Customizer kabla hajachapisha. Inafanya kazi kwa tovuti mpya tu, haiingilii tovuti yenye vitu vyake. Tafadhali usijaze yale maneno ya Kilatini. Mgeni hajui kama ni ya kufutwa, wengine wanadhani ni lugha ya kompyuta wanayaacha. Andika kwa Kiswahili kile kinachotakiwa kukaa hapo, "Andika hapa shule ilianza mwaka gani na ina wanafunzi wangapi", "Simu ya ofisi, sio ya mwalimu mkuu". Maelezo yakae pale pale kazi inapofanyika, ukimpa PDF ya kurasa ishirini hamna atakayeifungua. Maneno ya kuanzia yanaishi muda mrefu kuliko unavyodhani, makala ya "Hello world!" bado ipo kwenye tovuti za taasisi kubwa tu, na ile kauli ya "Just another WordPress site" iliganda kwenye tovuti nyingi mpaka kwenye 6.1 mwaka 2022 wakaamua iwe tupu kwa anayeanza.

Na Kiswahili kiende mpaka kwenye majina ya setingi zenyewe. Maneno yote yapitishe kwenye __(), funksheni ya tafsiri ya WordPress, pamoja na text domain yako, yani jina linalotambulisha tafsiri za thimu yako, tafsiri iweke kwenye folda la languages. Kwa thimu faili linaitwa sw.mo tu, halibebi jina la thimu mbele kama la plagini, wengi wanaliita vibaya kisha wanasema WordPress haisomi Kiswahili. Alafu yale maneno msomee mtu kwa simu, ukimwambia "nenda kwenye Picha ya juu" akaenda bila kuuliza basi ni jina zuri, akiuliza "ipi?" libadili.

Kabla hujaigawa mtafute mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona, mpe simu yake mwenyewe, sio laptop yako, manake wateja wako wengi wanaendesha tovuti kwa simu. Mwambie abadili logo, rangi na namba ya simu, alafu wewe nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu hapo. Kila anaposimama andika, hayo ndo marekebisho yako ya wiki ijayo.

Sasa tahadhari ya mwisho kwa wateja ulionao tayari. Setingi za Customizer WordPress inazihifadhi kwa jina la thimu iliyowashwa, kwaiyo siku utakapowahamisha kutoka thimu yako kwenda ile ya mtoto, logo, rangi na hata yale waliyoandika Additional CSS vitaonekana vimepotea. Havijapotea, vimebaki kwa jina la mama, lakini mteja ataona tovuti yake imevuliwa nguo. Fanya bakapu, ipige skrinshoti kila sehemu ya Customizer, hamisha usiku, rudishia kimoja kimoja, na asubuhi ndo umwambie. Na hizo setingi themanini na kitu unazozitoa usizifute kwenye database siku hiyo hiyo, acha thimu iendelee kusoma thamani zake kimya kimya bila kuzionyesha, mpaka uone kama kuna aliyeziulizia.